Wahadhiri wa Sheria ya Jinai, mnatoa wahitimu wasiojua kusoma hati ya mashtaka!

Wakuu, imetosha. Sheria ya Jinai na Kriminolojia (somo la uhalifu na vyanzo vyake) kwenye vyuo vyetu vya Tanzania vimegeuzwa masomo ya kumeza. Slaidi zilezile, madesa yanayorithishwa mwaka hadi mwaka, na swali la UE (mtihani wa mwisho wa muhula) linajulikana kabla ya mtihani: "Jadili viini vya kosa la kuua kwa kukusudia." Mwanafunzi anamwaga alichokariri, anapata B+, kesho yake kimeyeyuka.

Mpeni huyo mwenye B+ hati ya unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu (namba zangu ni za toleo la 2022). Maelezo ya kosa yanasema mshtakiwa aliiba simu na shilingi 300,000, na wakati wa wizi alikuwa na panga, akalitumia kupata mali hiyo. Atawaambia hati iko sawa, wizi upo na silaha ipo. Haiko sawa! Panga lilitumika kumtisha nani? Katika Kashima Mnadi dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 78 ya 2011, Mahakama ya Rufani ilisema lazima hati imtaje aliyetishwa au kufanyiwa nguvu. Baadaye, kwenye Jamali Ally @ Salum, Na. 52 ya 2017, mahakama hiyohiyo ikaona kasoro ya vifungu kwenye hati inaweza kutibika chini ya kifungu cha 388 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, iwapo mshtakiwa alielewa anashtakiwa nini na akaweza kujitetea. Sasa kasoro ipi inatibika, na ipi inaua kesi? Hilo ndilo swali la semina! Kosa hili adhabu yake haishuki chini ya miaka 30 jela, na nyie mnamaliza kipindi kizima kwenye maana ya actus reus (kitendo chenyewe cha kosa).

Kwenye mauaji ni yaleyale. Kifungu cha 200, kinachoeleza dhamira ovu, wanakiimba, lakini hukumu ya Enock Kipela, Na. 150 ya 1994, inayosema dhamira ovu inapimwa kwa nini, hawajaigusa: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyopigwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshtakiwa, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Leteni darasani ripoti ya uchunguzi wa maiti iliyofutwa majina. Fimbo moja ya mguuni na panga tatu za kichwani haziwezi kupata jibu moja, ila kwenye karatasi za mtihani zinapata.

Halafu Toleo la Urekebu la 2023 la sheria zetu limeanza kutumika tarehe 1 Julai 2025, namba za vifungu zimehama kwenye baadhi ya sheria, na bado kuna slaidi za toleo la 2002. Hii ni aibu.

Kriminolojia ndiyo imetupwa kabisa. Wiki na wiki ni Lombroso, yule Mwitaliano aliyedai mhalifu hujulikana kwa maumbile, na mafuvu yake ya 1876, kisha nadharia za uhalifu wa mitaa ya Chicago, muhula umekwisha. Sungusungu, walinzi wa jadi walioanzia Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawatajwi. Takwimu za uhalifu za Jeshi la Polisi hazifunguliwi. Zingefunguliwa, mwanafunzi angelazimika kujiuliza: taarifa za ukatili wa kijinsia zikipanda, je, ukatili umeongezeka, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi limefunguliwa karibu na watu wakaanza kuripoti? Anayeshindwa kutenganisha hayo mawili hajasoma kriminolojia.

Mwaka 2022 Law School, wanakopita wahitimu wa sheria kabla ya kuwa mawakili, walifaulu moja kwa moja 26 kati ya 633, nchi nzima ikashangaa. Mlishangaa nini?

Na msije na hoja ya darasa la watu 400. Wagawe watano watano, kila kundi liandike hati moja ya ukurasa mmoja kutokana na maelezo ya mashahidi. Mhadhiri anasahihisha kurasa 80. Hukumu ziko TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, bure.

Waendesha mashtaka na mawakili mlioko humu, wekeni hapa kasoro za hati mnazokutana nazo kila wiki, bila majina ya watu. Wanafunzi wazichambue hapahapa.