Gari ikipata moto inagoma kuwaka, fundi anasema tubadili injini. Naombeni ushauri

Nondo_Kichwani:
Wakuu salaam. Nina gari ya petroli. Asubuhi nikigusa tu funguo, imewaka. Balaa ni ikishatembea ikapata moto. Nikizima kidogo niingie dukani, nikirudi haiwaki. Napiga stata mpaka naona aibu. Nikiiacha ikapoa, inawaka utadhani haijawahi kuumwa. Fundi kasema kompresheni (nguvu ya injini kubana hewa) imeisha, dawa ni injini nyingine. Swali langu moja tu: injini ya mtumba au ovaholi (kuifungua hii na kuifanyia ukarabati)? Wanaojua tafadhali, sio matusi.

Mtu_wa_Nyuma:
Nimewahi siti ya mbele. Wataalamu waje.

SpanaKumi:
Mkuu, injini iache kwanza. Ikiwa ya moto, stata inazunguka kwa nguvu kama asubuhi, au inajivuta? Hayo ni magonjwa mawili. Ikijivuta, tazama betri, vichwa vyake, waya wa ethi na stata yenyewe, maana stata iliyokaa jirani na ekzozi inapikwa. Betri iliyojaa inasoma karibu volti 12.6 gari ikiwa imezimwa. Ukipiga stata ikaporomoka chini ya 9.6, anzia hapo. Ikizunguka vizuri ila haishiki, tafuta moto wa plagi (cheche) au mafuta. Injini iliyokufa kompresheni mara nyingi inasumbua zaidi ikiwa baridi. Yako ni kinyume.

Babu_Gia:
Vijana wa siku hizi mnanunua gari kabla ya kujua kupima oili. Mngekuwa mnafanya sevisi kwa wakati, nyuzi kama hizi zisingekuwepo.

Mama_Rejeta:
Yangu ilikuwa hivyo hivyo, kumbe sensa ya joto la maji. Inaidanganya kompyuta kwamba injini ni baridi, kompyuta inamwaga mafuta, plagi zinalowa. Nikafundishwa kukanyaga pedeli ya mafuta mpaka mwisho ndipo nipige stata. Kwenye gari nyingi za nozeli hapo kompyuta inakata mafuta, injini inajikausha. Mume wangu siku zote alisema ni uendeshaji wangu. Siku alipoishika yeye ikamgomea getini kwa wazazi wangu, wakaisukuma wakwe. Mpaka leo hiyo mada haifunguliwi nyumbani.

Chuma_Chakavu:
Uza ununue baiskeli. Hiyo hata iwe ya moto inawaka.

Nondo_Kichwani:
Stata inazunguka kwa nguvu tu. Harufu ya petroli hakuna. Lakini hamjanijibu, mtumba au ovaholi?

SpanaKumi:
Kabla ya tatizo kuanza, kuna kazi yoyote ilifanyika kwenye gari?

Nondo_Kichwani:
Hapana, lilianza tu lenyewe.

SpanaKumi:
Mkuu.

Nondo_Kichwani:
Sawa. Tulishusha gia boksi kubadili klachi. Ila haihusiani, klachi iko poa kabisa na fundi ni mzoefu. Tena injini nimeshalipia nusu, kwa hiyo naomba tubaki kwenye swali.

SpanaKumi:
Inahusiana sana. Gari nyingi sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka, imefungwa pale gia boksi inapokutana na injini, inasoma meno ya flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini). Anayeshusha gia boksi mara nyingi anaigusa, na ni rahisi kuivuta waya au kuuacha umelala juu ya ekzozi. Nyingi zina waya mwembamba uliozungushwa ndani. Ukipata moto unatanuka, mguso unaachia. Kompyuta haijui injini inazunguka, haitoi moto wala mafuta. Ikipoa mguso unarudi, na wewe unalaumu kompresheni.

Fanya hivi: ikigoma, tazama mshale wa RPM (mizunguko ya injini) kwenye dashibodi wakati unapiga stata. Kwenye gari nyingi unatakiwa kuinuka kidogo. Ukilala sifuri, mshukiwa ni huyo. Kisha weka kitambaa chenye maji kwenye sensa ipoe. Ikiwaka, kesi imekwisha. Mashine ya kupimia gari ikisoma kodi ya P0335 ni sakiti ya sensa hiyo hiyo, ila isiposoma kitu usiiamini moja kwa moja.

Jicho_Kali:
Wakuu, subirini. Huyu si ndiye aliyefungua uzi kwamba gari yake ya OTOMATIKI inachelewa kubadili gia? Leo klachi imetoka wapi? Hii chai, na tangawizi imezidi.

Chuma_Chakavu:
Nilijua. Mleta uzi, weka picha ya pedeli tatu.

Babu_Gia:
Uongo nao ni tatizo la malezi.

Nondo_Kichwani:
Ile ya otomatiki ni ya mke wangu! Hii ni yangu. Na kama mnataka kujua yote, fundi ni kaka yake. Ndiyo maana sikutaka kuyataja.

Mama_Rejeta:
Kumbe! Huogopi injini, unamwogopa shemeji.

Jicho_Kali:
Chai nimeirudisha jikoni. Pole, mkuu.

Nondo_Kichwani:
Nimetoka kujaribu. Mshale haukuinuka hata kidogo. Lakini kesho analeta injini, na ni ndugu. Labda nifunge tu, matatizo yote yaondoke nayo.

SpanaKumi:
Hayaondoki. Kama sensa yako imekaa kwenye gia boksi, haiji na injini ya mtumba. Mtafunga injini nyingine, mtaenda kuijaribu, ikipata moto itagoma vilevile. Hapo shemeji atakwambia gia boksi nayo imechoka.

Mama_Rejeta:
Usimwambie amekosea. Nunua sensa, mpe mkononi, mwambie "shem, nifungie na hii tuone kwanza kabla hatujashusha injini." Akifunga na ikapona, mwache aseme ni yeye aliyegundua.

Nondo_Kichwani:
Na ile nusu niliyokwisha kulipa?

Mtu_wa_Nyuma:
Hiyo fungua uzi mwingine, mkuu. Siti ya mbele naishikilia.