Simu ya mezani ya mama, Mbeya: tuikate au tuiache?

Mwana_Uyole
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hii ishu inaninyima usingizi. Bi mkubwa ana miaka 79 anakaa Soweto hapa Mbeya, sebuleni kuna simu ya mezani ile ya kuzungusha, marehemu mzee aliivuta 1986 enzi za Posta na Simu. Wadogo zangu wako Dar wanataka tuikate, wanasema bili ya nini wakati mama tumemnunulia kitochi. Sasa mimi ndo nashinda naye. Kitochi kinalala kabatini hakina chaji, na baridi hii ya Juni vidole vinamkakamaa anabonyeza namba mbili kwa mpigo, halafu zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" zinamtia hofu kweli. Mkonga wa ile ya mezani ni mzito, anaukamata kwa mikono miwili anasikia vizuri. Mwezi wa nne alianguka bafuni umeme umekatika tangu asubuhi, akajikokota mpaka sebuleni akavuta kitambaa cha kufuma simu ikamfuata chini, akanipigia, namba yangu anayo kichwani. Sasa fundi kaja juzi anasema mtaani kwetu waya wa kopa (ule wa shaba) unatolewa, tunawekewa mkongo (faiba), simu ichomekwe kwenye ruta, kile kiboksi cha intaneti. Nikubali?

Kabwe_Stendi
Mkuu kata tu, zipo simu za mezani zinazotumia laini ya kawaida na zina betri yake ndani, vitufe vikubwa. Ila ujue namba itabadilika.

Fundi_Nguzo
Kaka usikubali kabla hujaelewa kitu kimoja. Kwenye kopa simu inakula umeme unaotoka kwenye mtambo wa simu, kama volti 48, na ikiita zinapanda karibu 90, kule mtamboni kuna mabetri na jenereta, ndo maana mama alikupata umeme ukiwa haupo. Mkongo ni kioo unapitisha mwanga, hauleti umeme, kwahiyo TANESCO wakikata na ruta ikazima simu nayo kimya. Nunua yuu-pii-esi ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba, nyingi ni volti 12 ila soma nyuma ya ruta yako kwanza. La pili, ruta nyingi hazielewi simu ya kuzungusha, inaweza kuita vizuri tu lakini mama akizungusha namba haitoki, mwambie fundi aijaribu kupiga mbele yako kabla hajasaini kazi. Uzuri wa mkongo ni radi, zile za masika zilikuwa zinaingia na waya wa kopa mpaka sebuleni.

Dada_Kihesa
Pole kaka. Sisi Iringa tulimkatia baba ya kwake bila kumuuliza. Miezi miwili kila asubuhi alikuwa anainua mkonga kusikiliza kama mlio umerudi. Wazee wenzake wa kanisani walikuwa na namba ile tu, wakadhani amehama. Mimi mpaka leo inaniuma, muulizeni mama kwanza.

Mwana_Uyole
Dada umenigusa, nimemuuliza sasa hivi. Kasema namba ya baba yenu isiondoke, chombo kikibadilika sawa, ila kiwe kizito. Fundi_Nguzo ndaga fijo (asante sana), Jumamosi fundi akimaliza nazima swichi kuu, mama akae kwenye kiti chake anipigie mwenyewe, nikiwa nje uani.