Barafu za kijiti za kahawa tungu na chokoleti: kakao inazama, nifanyeje?

Ummu_Saumu (Kisauni)

Assalamu alaikum wapenzi wa jikoni. Nataka kutengeneza barafu za kijiti nyumbani. Si za ukwaju wala mabuyu, hizo kila mtaa zipo. Nazitaka za kahawa na chokoleti, zenye viungo vyetu. Dada yangu anashuka kutoka Nairobi wiki ijayo, na yeye akifika Mombasa kitu cha kwanza kuulizia ni kahawa tungu. Kwa joto hili naona nimpe ya baridi.

Nimegandisha kidogo ili nionje: kahawa, unga wa kakao, na sukari kiasi kile cha kunywa. Kakao yote imekaa chini, juu kuna maji ya kahawa yaliyoganda, na meno hayapiti. Friji yangu ni ya mlango mmoja, ile yenye kijumba cha barafu juu. Vyombo vyenyewe vya kugandishia sina, nina finjani na bilauri. Sukari itiwe kiasi gani? Tui au maziwa? Na viungo viingie lini?

Mama_Barafu (Majengo)

Wa alaikum salaam mwanangu. Mimi barafu ndiyo riziki yangu. Nauza hapa mlangoni tangu zama za vifuko vya nailoni, mpaka marufuku ya mifuko ya plastiki ilipokuja Agosti 2017 nikahamia kwenye vikombe na vijiti. Ya kahawa naipenda kuliko zote, kwa hivyo nitakueleza kwa urefu.

Barafu hii hupikwa. Ukikoroga tu ukagandisha, utapata hayo uliyoyapata. Kakao haiyeyuki ndani ya maji kama sukari. Ni chembe zinazoelea kwa muda, kisha zinatua. Dawa yake ni wanga kidogo, unga wa mahindi ule mweupe laini wa kufanyia mchuzi uwe mzito, si ule wa ugali, upikwe mpaka mchanganyiko uwe kama uji mwepesi. Hapo kakao haina pa kuzamia. Tena wanga huo huo huzuia maji yasijikusanye yakafanya vipande vikubwa vya barafu, ndiyo maana barafu iliyopikwa hung'atika.

Sasa kahawa. Chukua maji vikombe viwili na nusu, tia kahawa ya kusaga vijiko vikubwa vinne, iliki sita ulizozitwanga na maganda yake, kijiti kimoja cha mdalasini, kipande cha tangawizi ulichokiponda, na karafuu mbili. Nasema mbili, usiongeze, karafuu ikizidi hutasikia chokoleti. Chemsha kwa moto mdogo kama dakika kumi, funika, acha itulie, kisha chuja kwa kitambaa. Viungo viingie vizima au vilivyopondwa tu, hapo kwenye kahawa, na vitoke vyote. Viungo vya unga vitakukwaruza ulimi na vitazama pamoja na hiyo kakao. Ukienda soko la Marikiti nunua iliki za kijani zilizofumba, unuse kabla hujalipa.

Kwenye sufuria nyingine changanya sukari vijiko vikubwa kumi, kakao vijiko vikubwa vitatu na chumvi ya kubana kwa vidole. Mimina kahawa ya moto kidogo kidogo huku ukisaga kwa mwiko mpaka madonge yaishe, ndipo utie iliyobaki. Rudisha motoni. Kijiko kikubwa kimoja cha wanga kikoroge kwa maji baridi pembeni, utie, na usiache mwiko mpaka ichemke na iwe nzito. Mwisho tia tui zito kikombe kimoja, lipate moto tu, likianza kutokota epua.

Utaona sukari ni nyingi. Iache hivyo. Kitu cha baridi sana ulimi hauusikii utamu wake vizuri, kwa hivyo kikiwa vuguvugu lazima kikuzidie kidogo. Na sukari hufanya kazi ya pili: maji yenye sukari huganda kwa baridi kali zaidi kuliko maji matupu, hivyo hayagandi yote kwa pamoja, na hapo ndipo ulaini unapopatikana. Lakini usivuke vijiko kumi. Kijumba cha barafu cha friji ya mlango mmoja mara nyingi hakifiki nyuzi 18 chini ya sifuri kama friza, na sukari ikizidi kitakupa tope.

Finjani zako ndizo hasa, kwa kuwa ni ndogo na mdomo wake umepanuka, barafu hutoka bila kung'ang'ania. Acha mchanganyiko upoe kabisa kabla ya kumimina, na usijaze hadi ukingoni kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Funika kila finjani kwa foili, toboa kati, pitisha kijiti, kitasimama chenyewe. Zisukume nyuma kabisa, zilale usiku kucha, na waambie wa nyumbani mlango wa friji usifunguliwe ovyo.

Kivukoni (Likoni)

Shikamoo Mama Barafu. Mimi natumia kahawa ya mkebe inayoyeyuka papo hapo, na maziwa mazito matamu ya kopo badala ya tui na sukari. Hakuna kuchuja, na zinatoka laini sana. Na ukitaka kumshangaza mgeni, chemsha pilipili kavu moja na viungo vyako. Mexico wanatia pilipili na mdalasini kwenye chokoleti, na hiyo pilipili ni jambo la kale kwao, tangu kabla Wazungu hawajafika.

Mama_Barafu (Majengo)

Marahaba mwanangu. Maziwa ya kopo hulainisha kweli, kwa sababu ya ile sukari iliyomo, na mwenye haraka simlaumu. Lakini huyu dada anafuata kahawa tungu, ile ya dele, birika la kahawa, lililokaa juu ya makaa. Kahawa ya mkebe haiibebi tangawizi, na yale maziwa yataficha iliki. Tui linakaa nyuma, linaziacha zitangulie. Pilipili nakubali, ila iwe nzima, isipasuliwe, na itolewe pamoja na mdalasini.

Ummu_Saumu (Kisauni)

Ahsanteni sana, Mungu awazidishie. Maswali mawili tu. Wapo watoto watatu nyumbani, nao watazitaka. Na stima kwetu hupotea jioni.

Mama_Barafu (Majengo)

Watoto usiwape ya kahawa, hawatalala. Wachemshie viungo hivyo hivyo kwa maji matupu, kakao iongeze kijiko kimoja, karafuu itoe. Weka finjani zao upande mmoja na vijiti vyake uvifunge uzi, zisichanganyike.

Stima ikipotea usifungue mlango hata kuchungulia. Zikiyeyuka kabisa usizigandishe tena kwa kuziuza wala kumpa mgeni. Tui ni chakula, na kwa joto letu huchacha upesi. Na wakati wa kuzitoa, chovya finjani kwenye maji vuguvugu uhesabu mpaka kumi, uzungushe kijiti taratibu, uvute.