Mjadala: Makao ya watoto Nairobi yafungwe au yabaki?

Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke kwenye makao walelewe na jamaa, katika malezi ya kambo au kwa kuasiliwa. Usajili wa makao mapya ulisitishwa tangu 2017. Mimi naunga mkono. Watoto wengi wanaoitwa yatima wana mama, nyanya au shangazi aliye hai, na kilichowatoa nyumbani ni ufukara. Tazama bweni: vitanda vya dabo deka vimebanana, mmoja akishikwa na surua au upele, wenzake huambukizwa pia. Mtoto mchanga naye hulelewa kwa zamu. Aliyemlisha asubuhi siye atakayemlaza usiku.

*Jibu, Kayole:*
Ndugu yangu, huyo nyanya, tuseme anaishi mtaa wa mabanda wa Mathare, atawalisha nini? Inua Jamii, ile pesa ya serikali kwa wasiojiweza, ni Sh2,000 kwa mwezi, na kodi ya chumba inaimeza yote. Na mtoto anayemeza ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, hawezi kulala njaa. Msisahau pia kwamba makao ya Nyumbani kule Karen yalianzishwa 1992 kwa ajili ya watoto wenye virusi waliotelekezwa, na mwaka 2004 yalikwenda kortini kuzitaka shule za umma ziwapokee. Nani angewapigania?

*Jibu, Kariobangi:*
Nyote mmeruka siku mtoto anapofikisha miaka 18 na kutoka makaoni. Nimewaona vijana wakitoka getini na begi moja na cheti cha kidato cha nne, bila cheti cha kuzaliwa. Wanapoenda kuomba kitambulisho wanaulizwa cha baba au mama. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini, na bila laini hakuna M-Pesa, hivyo hata kibarua cha mjengo kulipwa ni shida. Aliyelala njaa kwa nyanya angalau ana mtu wa kumshuhudia kwa chifu.

*Mwanzilishi wa mjadala:*
Wa Kayole, hoja yako ya chakula siwezi kuipinga. Ndiyo maana nasema pesa zimfuate mtoto. Mfadhili anayelipia kitanda, uji na mlinzi wa makao alipie mlo na karo kwa huyo nyanya, na afisa wa watoto afike nyumbani kukagua. Asirudishwe mtoto yeyote kabla cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki na barua ya hospitali atakakochukulia dawa havijawa mikononi mwa mlezi. Makao yasiyoweza kumtafutia mtoto cheti kwa miaka yote hiyo, mnataka yabaki kwa lipi?