Tupeane uzoefu: mbwa wako alipata ugonjwa wa kupe, uligunduaje?

Baba Bobi: Wakuu habari zenu, naanza mimi halafu wengine mfuatie. Bobi wangu ana miaka 4, alianza kukataa chakula na kulala tu, nikajua minyoo, nikampa dawa ya minyoo nikatulia. Siku ya tatu akakojoa mkojo rangi ya kahawa, hapo ndo nikachanganyikiwa. Daktari wa mifugo alipompokea, kabla hata ya kupima joto alimfunua mdomo akaniambia angalia ufizi huu, na kweli ulikuwa mweupe, hauna damu kabisa. Akatoboa ncha ya sikio, tone moja la damu, akaliweka kwenye hadubini akaniita nichungulie. Ndani ya chembe nyekundu kulikuwa na vidude vimekaa viwili viwili kama matone ya maji. Babesia hiyo, kimelea cha damu kinacholetwa na kupe. Vinazaliana humo humo mpaka chembe inapasuka, ndo maana damu inaisha na mkojo unabadilika. Alivyompapasa akatoa kupe wawili, mmoja katikati ya vidole vya mguu! Namwogesha kila wiki jamani na vidoleni sijawahi kuangalia hata siku moja. Alichomwa sindano ya imidokabi, dawa ya kuua babesia, akadondoka sana mate baada ya sindano (niliambiwa mapema kwamba hutokea), akarudiwa baada ya wiki mbili. Kapona, ila iliniuma sana.

Mama Watoto Wanne: Pole sana baba Bobi. Wangu alikuwa akiona kupe anamng'oa kwa meno na kummeza, mie nafurahi anajisafisha mwenyewe. Kumbe kuna kimelea kingine kinaitwa hepatozuni, hicho mbwa hakipati kwa kuumwa, anakipata kwa KUMLA huyo kupe. Alikonda, homa inakuja inaondoka, anatembea kama kazeeka ghafla. Matibabu yalichukua muda mrefu mno na kila nikimwona anajikuna naenda mbio kuangalia.

Fundi Banda: Mimi nilipiga dawa mbwa tu nikasahau banda, baada ya wiki chache kupe wamerudi wengi kuliko mwanzo. Yule kupe wa kahawia wa mbwa akishiba anashuka, jike anataga mayai zaidi ya elfu moja kwenye nyufa za ukuta, na watoto wakitoka (wana miguu 6, wadogo kama vumbi) wanamsubiri mbwa yule yule. Na babesia inaweza kupita kwenye mayai, yaani kupe hajawahi kuuma mbwa yeyote lakini tayari kabeba ugonjwa. Nikaziba nyufa zote, nikachoma matandiko.

Kijana wa Doria: Mbona wangu hakuwa na kupe hata mmoja na kakutwa na babesia?

Maabara: Aliwahi kupigana na mbwa mwingine ndugu yangu? Ile aina ya babesia inayoitwa gibsoni inapita pia kwa kung'atana, kwa kuongezewa damu, na kwa mama kwenda kwa watoto. Halafu imidokabi haiimalizi vizuri hiyo, kwa hiyo uliza vipimo vimeonyesha aina gani.

Kijana wa Doria: Alipigana ndiyo, kama mwezi umepita. Asante sana, nilikuwa sijaunganisha kabisa.

Baba Bobi: Mkuu Maabara, na lishimania je, ule ugonjwa mwingine wa kimelea unaopata mbwa? Nimesikia kupe nao wanaieneza.

Maabara: Hapo twende taratibu. Anayejulikana kwa uhakika kueneza lishimania ni usubi, yule mdudu mdogo mwenye manyoya anayeuma usiku, tumboni mwake kimelea kinabadilika umbo na kuzaliana. Kwa kupe, watu wamekuta vinasaba vya kimelea ndani yake, lakini kupe kanyonya damu ya mbwa mgonjwa, si ajabu kuvikuta. Ili tumwite msambazaji kimelea kiishi ndani yake, kivuke anapojivua gamba, kisha kiingie kwa mbwa mzima kupitia kuumwa. Hilo halijathibitishwa, ingawa kuna mbwa wanaoambukizwa pasipo na usubi, na wengine wao walirithi kwa mama. Kwa hiyo ondoa kupe kwa ajili ya babesia na hepatozuni, ila usiache kumkinga na usubi ukidhani umemaliza kazi.

Mama Watoto Wanne: Na jamani msimpake kupe mafuta ya taa wala kumchoma, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi umvute taratibu. Wenye paka nyumbani, dawa ya mbwa yenye pemethrini inaua paka, naomba sana.

Mgeni 7: Samahani nadandia, wangu tangu jana hali chakula na amelegea, kupe nimemtoa mmoja sikioni, nisubiri mpaka kesho?

Baba Bobi: Umeangalia ufizi?

Mgeni 7: Nimeangalia sasa hivi. Umepauka.

Baba Bobi: Usisubiri, mpeleke sasa hivi, na mwambie daktari habari ya huyo kupe.