Kualikwa kulenga shabaha: bastola za kikauboi na risasi za kujazwa gereji

Kutoka: Kijana wa Moro, Fort Worth

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Nina swali, msinicheke. Pale ghalani ninapofanya kazi kuna mzee wa Kimarekani ninayekula naye chakula cha mchana. Ana zile bastola za silinda za kikauboi, ambazo lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga. Jumamosi anataka twende wote kiwanjani. Nikamuuliza risasi bei gani, akacheka: nisijali, anajaza mwenyewe gereji kwake. Hapo ndipo roho iliposhtuka.

Nina grinikadi, mwaka wa pili huu. Nyumbani bunduki niliyoiona kwa karibu ni ya mlinzi wa benki. Je, naruhusiwa? Na hizo risasi za gereji nizipige kweli?

Kutoka: Baba Salma, Houston

Marahaba mwanangu. Hizo bastola ndio ugonjwa wangu, mwaka wa kumi na moja sasa, na risasi najaza mwenyewe. Kwa hiyo chukua haya kama maneno ya mjomba.

Kwa sheria ya shirikisho, mwenye grinikadi anaruhusiwa. Siku ukienda kununua ya kwako utajaza fomu 4473 dukani. Penye uraia andika Tanzania. Nakwambia hivyo kwa sababu kuna watu huweka alama ya Marekani kwa haraka tu, na kudai uraia usio wako ni kosa linaloweza kukupandisha ndege ya kurudi bila kupenda. Jumamosi hununui kitu, kwa hiyo hilo liache kwanza.

Sasa chombo chenyewe. Mama wa bastola hizi ni Colt ya mwaka 1873. Kifyatuo chake kina kazi moja tu, kuangusha nyundo. Unakoki kwa kidole gumba, unalenga, unabana. Ukitaka ya pili, unaanza upya. Kwa mwanafunzi sijaona mwalimu mzuri kuliko huo uvivu wake. Vijana wanaoanza na bastola za magazini, zile zinazojijaza zenyewe, humaliza risasi kumi na tano kabla hawajajua ya kwanza ilitua wapi.

Muulize mzee kama yake ni ya mtindo wa zamani au mpya. Kwenye Colt ya asili, nyundo ikilala juu ya risasi na bastola ikakuponyoka ikaanguka sakafuni, inaweza kulia yenyewe. Ndiyo maana wazee hutia risasi tano kwenye matundu sita: unatia moja, unaruka tundu, unatia nne, unakoki mpaka mwisho, kisha unashusha nyundo polepole, nayo inatua kwenye tundu tupu. Kampuni ya Ruger ilibadilisha mambo mwaka 1973. Iliweka kipande cha chuma kinachopanda kati ya nyundo na pini ya kugonga risasi pale tu kifyatuo kinapokuwa kimebanwa, kwa hiyo hizo unaweza kujaza sita. Mimi yangu ni Ruger na bado natia tano, mazoea yana tabu.

Mkono wa kushoto, angalia. Kati ya silinda na mtutu kuna mwanya mdogo, na kila mlio hapo pembeni hutoka moto na vipande vya madini. Vidole visifike mbele ya silinda. Mpini nao utajizungusha kiganjani na mtutu utaelekea juu, usipigane nao.

Tuje gereji. Risasi moja ni vitu vinne: ganda la shaba, fataki pale kitakoni ya kuwasha, baruti, na kichwa, kile kinachoruka, ambacho mara nyingi ni risasi kweli, yale madini. Ganda likishapigwa halitupwi. Unalisafisha, unalirudisha umbo kwa mashine ya mkono, unalitia fataki mpya, baruti, kichwa. Kazi yenyewe inatuliza akili kama kuchambua mchele, ila mchele ukikosea unavunja jino tu.

Hatari iko hapa. Ganda la .45 Colt, risasi ya hizo bastola za Colt, lilitengenezwa enzi za baruti nyeusi, greni 40 zikijaa mpaka juu. (Greni ni kipimo kidogo kweli, ratili moja ina 7000.) Baruti ya siku hizi isiyo na moshi, ukipima ya mazoezi mepesi, inakaa chini kabisa ya ganda. Ukisahau ukamimina mara ya pili, haimwagiki, haikustui, inaenea vizuri tu. Risasi hiyo ndiyo inayopasua silinda. Kwa hiyo mimi napanga maganda 50 wima kwenye kibao chenye matundu, nawasha tochi, nachungulia moja moja kabla kichwa chochote hakijakaa. Juu ya meza kopo la baruti ni moja tu, na kipimo kinatoka kwenye kitabu cha watengenezaji baruti, sio kwa rafiki wala kwenye video.

Kinyume chake pia kipo, na hicho kilinipata. Mwaka wangu wa pili, simu iliita kutoka Mombasa, shangazi na mambo ya harusi. Nikainuka, nikarudi, nikaendelea kwenye ganda ambalo silo. Wiki mbili baadaye niko kiwanjani, nabana kifyatuo nasikia *puf*, kama kizibo cha chupa. Karatasi haina tundu. Nami mjinga nikadhani nimekosa shabaha, kidole gumba kikawa tayari kimeanza kuvuta nyundo. Bwana mmoja njia ya pili akapiga kelele, "Simama!" Akasubiri kidogo, akatoa risasi zote, akapitisha kijiti mtutuni. Kikagota katikati. Ganda halikuwa na baruti, fataki peke yake ilikisukuma kichwa kikakwama mle ndani, na mimi nilikuwa naenda kukigonga kwa kingine kutoka nyuma. Nilikaa kwenye benchi nusu saa, mikono haishiki kitu. Tangu siku hiyo simu inalala chumbani, na shangazi anajua.

Kwa hiyo jibu langu: usipige risasi aliyoijaza mtu usiyemjua meza yake. Mwambie wazi, utanunua boksi moja la kiwandani. Mjazaji wa kweli hatanuna, mwenyewe hapigi za watu. Akinuna, umepata jibu lako. Na asikuuzie. Kujaza kwa matumizi yako hakuhitaji leseni ya shirikisho, kufanya biashara ya kuziuza kunahitaji leseni ya mtengenezaji.

Mengineyo: miwani, vizuia sauti vya masikio, shati lililofunga shingo (ganda la moto la jirani mwenye bastola ya magazini limewahi kunishukia kwenye kola, nikacheza chakacha bila ngoma). Kabla ya kula, nawa kwa maji baridi na sabuni. Vumbi la kiwanjani lina madini ya risasi, na kama kuna mtoto nyumbani usimbebe na shati lile.

Kutoka: Mdogo wenu wa Denton

Shikamoo Baba Salma. Mimi niko kwa viza ya mwanafunzi. Kijana wa Moro ni rafiki yangu, naweza kwenda naye? Nishike moja tu, nipige picha.

Kutoka: Mama Neema, Minneapolis

Marahaba, ila HAPANA. Nafanya kazi kwa wakili wa uhamiaji, kwa hiyo nisikilize. Aliyeingia kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, hatakiwi kuwa na bunduki wala risasi, na kuishika kiwanjani kwa dakika tano kunahesabika. Kuna upenyo kwa wenye leseni halali ya kuwinda, lakini usiupite bila wakili kukuandikia.

Tafuteni kesi ya Rehaif. Kijana wa Falme za Kiarabu, alikuja kwa viza ya mwanafunzi, chuo kikamwondoa kwa sababu ya alama, hadhi yake ikaisha naye akabaki. Alikwenda kiwanjani Florida akapiga shabaha. Akashtakiwa, akahukumiwa kifungo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema serikali lazima ithibitishe kwamba alijua hadhi yake imeisha na yumo nchini isivyo halali. Wengine wanaisoma kama ushindi. Mimi naona kijana aliyefikishwa Mahakama ya Juu kwa sababu ya matembezi ya kiwanjani. Na wewe unajua fika uko kwa viza ya mwanafunzi, huwezi kusema hukujua.

Ndugu zetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi walioidhinishwa hawako kwenye katazo hili la viza. Muulizeni wakili hata hivyo.

Kutoka: Mjomba wa Leicester

Huku kwetu Uingereza msijisumbue. Baada ya mauaji ya watoto kule Dunblane, Scotland, mwaka 1996, bastola karibu zote zilipigwa marufuku mwaka 1997. Miongoni mwa zilizobaki klabuni ni zile za mtindo wa kale kabisa, unamimina baruti nyeusi moja kwa moja kwenye tundu la silinda, unasukuma gololi juu yake, tena kwa cheti cha polisi. Sita tu na robo saa imekwisha. Moshi wake kama jiko la mkaa lililomwagiwa maji.

Kutoka: Dada wa Calgary

Na Kanada, tangu tarehe 21 Oktoba 2022 mtu wa kawaida hanunui wala hauzi bastola. Waliokuwa nazo wamebaki nazo.

Lililonileta ni jingine: begi la kiwanjani lisiwe begi la safari. Mume wangu alikwenda kwa ndugu zake Texas, akaja na risasi moja mfuko wa pembeni bila kujua. Iligunduliwa tukifungasha kwenda Nairobi, mwanangu alipokuwa anatafuta peremende. Kenya risasi moja bila kibali ni kesi. Maelezo ya "nilisahau" utayatolea kituoni.

Kutoka: Kijana wa Moro

Nimerudi. Mzee hakununa hata kidogo. Alikuwa ameshanunua boksi la kiwandani kabla sijafungua mdomo, akasema za kwake atapiga mwenyewe. Baadaye akanipeleka gereji kunionyesha kibao na tochi, Baba Salma, kama ulivyosema, na redio ina kitambaa juu yake ili asiiwashe.

Tulitia tano. Ya kwanza ilikwenda kwenye udongo mbele ya shabaha, kwa sababu nilifumba macho. Ya pili nayo. Ya tatu mzee alinikabidhi bastola bila kuniambia kama tundu lina risasi au tupu. Nikabana, ikafanya *ta* kavu, na mtutu ukainama kwa woga wangu kama unasujudu. Hakusema kitu, akanitazama tu. Mpaka saa saba nilikuwa na matundu tisa ndani ya sahani ya karatasi, mita saba.

Wakati wa kuagana alinipa ganda moja la shaba kama ukumbusho. Nimemrudishia, nikamwambia Desemba naenda Moro na begi ni hili hili.