Tupeane uzoefu: sare ya ugenini iliyokuuma kuliko kipigo

Mwanzisha mada, Sakina, Arusha

Habari za jioni, ndugu zangu. Naandika nikiwa na uchovu wa safari na sauti iliyokauka, kwa sababu jana tulikwenda Tanga na kurudi na pointi moja ambayo hadi sasa sijui niifurahie au niililie. Jina la timu yangu sitalitaja, na nawaomba msinilazimishe, kwa maana likishatajwa mada itageuka utani wa jadi na hakuna atakayesimulia jambo la maana.

Tuliondoka Arusha saa kumi alfajiri kwa Coaster ya kukodi, tukapita Moshi jua likiwa bado halijachomoza, tukanywa chai Mombo, na mchana tukawa tumeshakaa uwanja wa Mkwakwani tukiwa na vuvuzela mbili na ngoma moja. Bao letu lilipatikana mapema kwa mpira wa kona, na kwa muda wa saa nzima tulicheza vizuri kiasi kwamba hata wenyeji waliokaa karibu nasi walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali.

Kisha niliona jambo ambalo ndilo chanzo cha mada hii. Beki wetu wa kulia, ambaye kipindi cha kwanza alikuwa akipanda mpaka kwenye kibendera cha kona, alipata mpira katikati ya uwanja, akasimama, akageuka kulitazama benchi, na kocha akamwonyesha kwa viganja vyote viwili kwamba ashuke. Nilikuwa upande uleule, hatua chache tu kutoka kwenye mstari, kwa hiyo sisimulii habari ya kuambiwa. Baada ya dakika tano akatolewa mshambuliaji, akaingia beki wa kati. Kipa naye akaanza kuinama kila mara kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka, na wachezaji wetu wakawa wanalala chini kwa zamu kana kwamba wamepangiana. Kibao cha mwamuzi wa akiba kilipoinuliwa kilionyesha dakika sita, na bao la kusawazisha likafungwa katika dakika ya nne kati ya hizo sita, yaani ndani ya muda uleule ambao tulidhani tumeshaupoteza.

Njiani hakuna aliyeimba. Tulipofika Korogwe mchambuzi mmoja redioni alisema kwamba pointi moja ugenini si haba, na mzee aliyekaa siti ya mbele akanyoosha mkono akaizima redio bila kumwomba dereva ruhusa.

Sikatai kwamba ipo sare ya ugenini ambayo ni mali. Timu iliyozidiwa, ikafungwa, kisha ikapigana mpaka ikasawazisha, hiyo naipokea kwa makofi hata kama nimesafiri kutwa nzima. Ninayoizungumzia ni sare ya timu iliyokuwa na ushindi mkononi, ikaurudisha yenyewe. Naomba kila mmoja atueleze ni sare ipi ya ugenini iliyomuuma, aliitazamia wapi, na ilipatikana vipi.

Mchangiaji kutoka Majengo, Moshi

Pole kwa safari, kaka. Yangu ni ya Taifa Stars dhidi ya Zambia kule San Pédro, Ivory Coast, tarehe 21 Januari 2024, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Niliitazamia kibanda umiza hapa Majengo, mahali ambapo mabenchi ni ya mbao zisizopigwa randa na aliyechelewa husimama mlangoni na kuwazibia hewa waliowahi.

Simon Msuva alifunga dakika ya 11, na kabla ya mapumziko Roderick Kabwe wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu. Naomba mfikirie hali ilivyokuwa mle ndani: tunaongoza, wapinzani wako kumi, na nchi yetu ilikuwa haijawahi kushinda hata mechi moja ya fainali hizo tangu iliposhiriki kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Jirani yangu, mtu ambaye hata jina lake silijui, aliagiza soda za benchi zima. Nasi tukafanya kilekile ulichokiona Mkwakwani, tukashuka taratibu mpaka tukawa tunalinda eneo la hatari kana kwamba sisi ndio tuliopungukiwa mtu. Dakika ya 88 Patson Daka akafunga kwa kichwa.

Maumivu makubwa zaidi yalikuja baada ya kundi kumalizika, kwa sababu Morocco ilikuwa na pointi 7, DR Kongo 3, sisi na Zambia pointi 2 kila mmoja. Baada ya Zambia tulitoka suluhu na Kongo. Weka pointi tatu mahali pa ile moja, halafu uhesabu mwenyewe tungekuwa nafasi ya ngapi. Yule jirani alilipa soda zote, lakini aliondoka bila kuaga.

Mchangiaji kutoka Unga Limited, Arusha

Nilikuwa kwenye kibanda kingine usiku huohuo. Sitaki kukumbushwa.

Mzee wa Kaloleni, Arusha

Wanangu, kwanza niwasahihishe kidogo, maana lugha yetu ya mpira inapotea. Mabao yakiwapo tunasema sare, yasipokuwapo tunasema suluhu, na huyo kijana wa Majengo amelitumia neno hilo mahali pake.

Mimi nina suluhu ya mwaka 1993, fainali ya Kombe la CAF, Simba dhidi ya Stella ya Abidjan. Mechi ya kwanza ilichezwa kwao. Mimi nilikuwa fundi cherehani hapa Kaloleni, na jioni ile barazani kwangu walikusanyika watu wasiopungua thelathini kuzunguka redio moja ya mbao ambayo betri zake tulikuwa tumezianika juani mchana kutwa ili zisituangushe. Ikaisha 0-0, na nawahakikishia kwamba hakuna aliyeona uchungu wowote. Tulikumbatiana, tukasema kombe limeshafika Dar es Salaam na kilichobaki ni kulikabidhi.

Hatukutafakari maana halisi ya suluhu ya ugenini katika mechi za mtoano. Hukupoteza, ni kweli, lakini hukuweka akiba ya bao, na kwa kanuni ya bao la ugenini, yaani jumla ya mabao ikilingana aliyefunga mengi ugenini ndiye anayepita, hata sare ya 1-1 nyumbani ingetutoa. Mechi ya marudiano ilichezwa Uwanja wa Taifa, huu ambao sasa unaitwa Uhuru, na Stella wakatufunga 2-0 na kuondoka na kombe. Ile ya Abidjan ilianza kuniuma baada ya hapo, na sijui kama imewahi kuacha.

Dada wa Njiro, Arusha

Shikamoo mzee. Nitatofautiana kidogo na mwanzisha mada, kwa sababu yeye amesema sare inauma timu inaporudi nyuma, na mimi nina suluhu ambayo haikuwa na kosa hilo kabisa. Tarehe 5 Aprili 2024 Yanga walicheza na Mamelodi Sundowns mjini Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, baada ya suluhu nyingine ya Dar es Salaam. Shuti la Stephane Aziz Ki liligonga mwamba, likadunda chini, na sisi sebuleni tukawa tumeshasimama. Mdogo wangu alikuwa tayari yuko barabarani anapiga kelele. Bao halikukubaliwa, matokeo yakabaki 0-0, na tukatolewa kwa penalti 3-2.

Sikuwa na mchezaji wa kumlaumu wala kocha wa kumkasirikia. Wewe, kaka wa Sakina, angalau una viganja vya kocha vya kuvilaani.

Mwalimu wa hesabu, Soweto, Moshi

Msamiati wa «si haba» unaweza kupimwa kwa takwimu za ligi yetu wenyewe. Msimu wa 2021/22 Yanga walitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, wakishinda 22 na kutoka sare 8, jumla pointi 74. Msimu wa 2023/24 walipoteza mechi 2, wakatoka sare 2 tu na kushinda 26, wakapata pointi 80. Timu iliyofungwa mara mbili ilimaliza na pointi sita zaidi ya timu isiyofungika. Mkiongeza kwamba timu ikishinda mechi zote 15 za nyumbani na kutoka sare zote 15 za ugenini itaishia na pointi 60, mtaona kwa nini yule mzee wa siti ya mbele alikuwa na haki ya kuizima redio.

Mchangiaji kutoka Pasua, Moshi

Nimesoma yote na nimecheka nilipofika kwenye kamba za viatu, kwa kuwa nimewahi kuwa kipa huyo. Nilidaka timu ya mtaa kwa misimu mitatu, na kuna mechi tuliyokwenda kucheza nje ya mkoa tukiwa wachezaji kumi na watatu, tukiwa tumelala kwenye darasa la shule ya msingi juu ya madawati yaliyounganishwa. Tuliongoza 2-0 hadi mapumziko, tukaishia 2-2.

Mashabiki wetu wachache waliotufuata walimtukana kocha kwamba ametuamuru tupaki basi, yaani turudi wote nyuma kulinda goli. Ukweli ni kwamba hakuamuru chochote. Kuanzia dakika ya 60 niliwaona mabeki wangu wakiwa wameshika magoti kila mpira unapotoka, na mmoja akaniambia waziwazi, «Chelewesha, siwezi kukimbia tena.» Nikachelewesha. Nilikuwa naweka mpira wa goli upande wa kulia, najifanya kubadili mawazo, nauhamishia kushoto, na mwamuzi akanipa kadi ya njano. Timu iliyosafiri vibaya hurudi nyuma bila kuambiwa, kwa sababu miguu ndiyo huanza kuamua. Naomba nikuulize, mwanzisha mada: kabla ya kocha kuonyesha viganja, beki yule alikuwa bado anaweza kupanda na kurudi kwa wakati?

Mwanzisha mada, Sakina, Arusha

Swali lako limenilaza macho, kaka wa Pasua. Kipindi cha pili nilikuwa narekodi vipande kwa simu, na usiku nimevitazama upya kimoja baada ya kingine. Kuna kipande cha dakika tatu hivi kabla ya ile ishara ya kocha: beki anapanda, mpira unapotea, anageuka kurudi, na baada ya hatua tano anashika paja la nyuma na kuanza kutembea. Winga wa Tanga anapita mbele yake bila hata kumkwepa. Uwanjani sikuliona hilo, macho yangu yalikuwa yanafuata mpira.

Kwa hiyo viganja vya kocha navifuta katika malalamiko yangu, ingawa bado sielewi kwa nini asimbadilishe yule beki akamwacha mshambuliaji. Kipa sijamsamehe, kwa maana nimezitazama kamba zake kwa kuikuza picha, na zilikuwa zimefungwa fundo mbili.

Mechi ijayo ya ugenini ni Singida. Coaster ni ileile, tutaondoka saa kumi na moja alfajiri kupitia Babati, na zimebaki nafasi nne. Mzee wa siti ya mbele ameshalipa.